Nilivyomweka Aba Faransa Madarakani

Vijana wenzangu wa kazi ya habari,

Siku mliponiaga kwa chai na saa ya ukutani, mmoja wenu aliniuliza ni kosa gani kubwa zaidi nililowahi kulifanya kazini. Nikacheka, nikamjibu kwamba katika utumishi wa miaka thelathini na ushei mtu hukosea mpaka akasahau. Nilimdanganya. Kosa langu nalikumbuka mpaka harufu ya chumba nilimolifanyia, na nikilikumbuka mwili hunisisimka kana kwamba limetokea juzi. Habari za vyeo na mishahara yangu mtazikuta kwenye faili, mkitaka kulala mapema. Hili halimo kwenye faili lolote.

Nilianza kazi Garsen katika miaka ya hamsini, kijana wa Kipini aliyesoma kidogo na kujiona amesoma sana. Cheo changu kiliitwa msaidizi wa habari, lakini watu wote waliniita karani na sikuona haja ya kubishana nao. Siku ya kwanza nilivaa viatu vyeusi vipya. Nikavuka mto Tana kwa kivuko cha kuvutwa kwa kamba, nikashuka kwa madaha, na matope ya ukingoni yakakimeza kiatu cha kushoto. Nikaripoti kazini na kimoja. Bosi wangu, Mzungu mwembamba asiyependa maneno, aliitazama miguu yangu, akaandika kitu kwenye daftari lake, na jambo hilo hatukulizungumza mpaka alipohamishwa.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha mabati juu ya kilima kidogo, mahali ambapo maji ya mafuriko hayafiki. Ndani mlikuwa na meza, kitanda changu, ubao mweusi, redio ya mbao, na betri nzito kama ya lori. Betri ilipochoka ilipelekwa Malindi kuchajiwa, nasi tukakaa bubu mpaka irudi. Kila alasiri nilisikiliza matangazo ya London na ya Nairobi, nikayaandika daftarini, kisha nikatoka nje kuwasomea watu waliokaa barazani. Chumba kilinuka asidi ya betri na ngozi mbichi, maana jirani yetu alikuwa mnunuzi wa ngozi.

Aliyenifundisha kazi hakuwa bosi. Alikuwa Mzee Komora, Mpokomo wa Kinakomba, mkalimani wa serikali kwa miaka mingi, ambaye siku hizo alikuwa akisubiri kustaafu. Kwake nilijifunza kuandika juu ya kila habari saa niliyoisikia na stesheni iliyoitoa. Na kwake nilijifunza, au tuseme nilifundishwa, kuacha mstari mtupu.

"Redio ikikwaruza, mwanangu, acha nafasi," aliniambia. "Andika: hapa sikusikia. Watu hawatakuchukia kwa nafasi."

Nilimwitikia vizuri sana. Kuitikia sijawahi kushindwa.

Mjue jambo moja la watu wa kule. Mworma, yaani mfugaji wa pande zile, akifika mahali, hata kama shida yake ni chumvi tu, kwanza mnapeana habari. Mvua imenyesha wapi, nani ameoa, ng'ombe wa nani wanaumwa, nani amefariki. Anatoa zake zote bila haraka, kisha ananyamaza akingoja zako. Ukisema huna, anakutazama kama mtu aliyeficha maiti uvunguni. Asiye na habari ama ni mgonjwa ama ana jambo baya analolifunika. Na mimi nilikuwa mtu wa serikali, niliyeletwa pale kwa ajili ya habari tu.

Habari za nchini miaka ile zilikuwa moto. Bosi alizipitia kwa penseli nyekundu, na zikitoka mikononi mwake zilikuwa mifupa mitupu. Za Ufaransa hakuzijali hata kidogo. Ndiyo maana Garsen ikapata Ufaransa kwa wingi kuliko ilivyopata Nairobi, na ndivyo waziri mkuu mmoja wa huko alivyokuja kuwa mtu wetu.

Jina lake silitaji, kwanza kwa sababu hakuna aliyewahi kulitamka sawasawa Garsen, na mimi nikiwamo. Watu walimwita Aba Faransa, yaani Baba Ufaransa. Alitoka mji mdogo, katika familia ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Alikuwa meya wa mji huo, kisha mbunge, kisha waziri wa hiki na kile, mpaka siku wakubwa wenzake waliposhindwa kuelewana wakampa yeye uwaziri mkuu kwa kuwa hakumuudhi mtu. Alikuwa mtu wa mambo ya zamani. Hakutaka sheria mpya, hakutaka kodi mpya. Niliposoma kwamba amekataa kupandisha kodi, baraza zima lilipiga makofi, na bosi akatoka nje kuangalia kuna nini.

Aliyempenda kuliko wote alikuwa Mzee Barisa, ambaye sote tulimwita Aba Barisa, Mworma wa makamo ya juu, mwenyekiti wa kamati ya malka. Malka ni njia ya ng'ombe kushuka mtoni kunywa maji, ikipita katikati ya mashamba ya Wapokomo. Kamati ilikuwa na watu kumi na wawili, Waorma sita na Wapokomo sita, na kazi yao ilikuwa kuhakikisha njia haizibwi na mazao hayaliwi. Aba Barisa aliiongoza tangu ilipoanza, na msimamo wake ulikuwa mmoja: malka haisogezwi. Alikuwa na kamba ya ngozi ya kupimia upana wake, na kila kiangazi aliipima mwenyewe.

"Karani," aliniuliza siku ya kwanza, "huyu mzee ya Faransa, ng'ombe yake iko ngapi?"

Nikamwambia redio haikusema.

"Redio gani hii haiulizi mambo ya maana?"

Nikachora ubaoni baraza la mawaziri la Aba Faransa, kila waziri na kiti chake. Mnajua masihara ya watu. Wiki haikuisha kamati ya malka ikawa nayo ina mawaziri: wa maji, wa nyua, wa fidia ya mahindi yaliyoliwa. Waziri wa nyua alikuwa Mwalimu Yohana, Mpokomo wa kijiji cha Wema aliyesoma shule ya misheni, mkulima hodari na mtu wa maneno machache yenye ncha. Yeye na mimi ndio tuliokuwa tukisoma Kiingereza upande ule wa mto, ukimtoa bosi.

Kilichowashangaza zaidi ni kura ya imani. Nilieleza kwamba Aba Faransa akibanwa husimama mbele ya wabunge akauliza: mnaniamini au hamniamini? Wakikataa, anaondoka yeye na mawaziri wake wote.

"Anaondoka hai?" akauliza Aba Barisa.

"Hai, Aba."

"Na ile iliyomtoa, iko hai pia?"

"Wote wazima."

Akashika kidevu muda mrefu. Jambo hilo lilimwingia kuliko nilivyodhani.

Mvua za mwaka ule zilinyesha kama zilizotumwa. Tana ikafurika, barabara ya Malindi ikakatika, bosi akakwama huko alikokwenda kikazi. Mzee Komora alikuwa kwao Kinakomba, naye maji yakamzingira. Nikabaki peke yangu kilimani na redio. Wiki ya pili ya mafuriko betri ikafa. Habari ya mwisho niliyoisikia ilisema Aba Faransa ataomba kura ya imani juu ya bei ya ngano. Hapo sauti ikafifia, ikazimika.

Kesho yake Aba Barisa alikuja na wenzake, wametembea kwenye maji ya magoti. Wakakaa. Akatoa habari zake zote, moja baada ya nyingine. Kisha akanyamaza, akanitazama.

"Aba Faransa," akasema, "iko bado?"

Ndugu zangu, ilikuwa nafasi ya kusema: hapa sikusikia. Badala yake nikasema, "Yupo."

Neno moja tu. Lakini hawakutembea kwenye maji kwa ajili ya neno moja, wakangoja. Basi nikatia chumvi. Nikasema ameomba kura, wamempa. Wakafurahi mno, na furaha yao ikaninogea. Wiki iliyofuata nikampa kura nyingine akashinda tena. Wiki ya tatu nikaona hadithi inachacha, nikaongeza kwamba kule kura hupigwa kwa siri, kila mbunge hupita mbele ya chungu kilichofunikwa kitambaa chekundu na kutumbukiza mkono asionekane alichoweka. Chungu kile nilikitunga nikiwa nimesimama, na kitambaa nikakitia rangi kwa raha zangu. Aba Faransa akashinda mara ya tatu.

Maji yalipoanza kurudi yaliacha tope zuri jeusi juu ya malka. Mwalimu Yohana na Wapokomo wenzake wakataka kupanda pale, na njia ya ng'ombe isogezwe chini kidogo. Aba Barisa akakataa kata kata. Minong'ono ikaanza, na kiangazi kilikuwa kinakaribia. Mifugo iliyotawanyika nyikani ingerudi yote mtoni, na kabla haijarudi ilibidi ijulikane itapita wapi. Vinginevyo mikuki na mapanga ndiyo yangeamua, na hilo kila mtu alilijua.

"Mimi nitafanya kama Aba Faransa," Aba Barisa alitangaza. "Nitauliza. Chungu, kitambaa, yote."

Kwa desturi yao kila mzee husema kwa zamu, mbele ya wote, na hakuna anayemkana mkubwa wake usoni. Kwa njia hiyo angeshinda hata kama nusu yao wangekuwa na kinyongo. Alitaka ya Ufaransa kwa sababu mwenzake alishinda nayo mara tatu.

Asubuhi ya mkutano lori la kwanza likafika kutoka Malindi na betri na furushi la magazeti. Nilifungua la juu nikiwa bado nimesimama. Aba Faransa alikuwa ameanguka. Alianguka kwenye kura ileile ya ngano, siku ileile betri ilipokufa. Wakati mimi nampa ushindi wa kwanza, tayari mtu mwingine alikuwa anakalia kiti chake. Nikakaa juu ya furushi. Na chini ya ukurasa paliandikwa kura zilivyopigwa: wazi, kila mbunge kwa jina lake. Chungu hakikuwepo.

Nikakimbia hadi mkutanoni. Nilikimbia kweli, sikupiga hatua za ofisi. Nilimkuta Aba Barisa ameshasimama, kanzu safi, chungu kiko mbele yake na juu kitambaa chekundu alichokiazima kwa mkewe. Kando kulikuwa na vibakuli viwili: punje ya mahindi kwa anayeamini, kunde kwa asiyeamini. Aliponiona alifurahi.

"Karani amefika! Karani, waambie watu. Aba Faransa ameuliza mara ngapi?"

Macho yote kwangu. Gazeti lilikuwa kwapani.

"Mara tatu, Aba."

"Na wamempa?"

Nimejiuliza mara nyingi ni nani aliyejibu pale, maana mimi nilisikia sauti tu ikitoka kinywani mwangu.

"Wamempa."

Wakapita mmoja mmoja, mkono chini ya kitambaa, mkono nje. Kisha Aba Barisa akakimwaga chungu kwenye mkeka. Punje za mahindi zilikuwa nne. Kunde zilikuwa nane.

Nilipigwa na butwaa. Wote tulipigwa na butwaa, hata Mwalimu Yohana, aliyekuwa amefungua mdomo kama mtu aliyesukuma mlango akijua umefungwa, kumbe uko wazi. Wapokomo walikuwa sita. Hata kama wote sita walitia kunde, mbili zilitoka kwa Waorma, kwa watu waliokula naye asubuhi ile. Aba Barisa alizihesabu tena kwa kidole. Nane. Akawatazama wenzake mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akatazama chini, wa kweli na wa uongo pamoja, hakuweza kuwatenganisha. Akaifungua kamba ya ngozi kiunoni, akaiweka juu ya goti la Mwalimu Yohana, akaondoka bila viatu vyake.

Magazeti niliyaficha chini ya kitanda. Siku zile sikula vizuri. Nilijiambia kwamba pengine yote yatapoa, kwamba mwenyekiti mpya atajua la kufanya. Mwalimu Yohana alikuwa mtu mwadilifu, aliisogeza malka chini kidogo tu. Lakini mifugo iliporudi, vijana wa Kiorma hawakumtambua. Siku ya kwanza ng'ombe walipita njia yao ya zamani wakayala mahindi machanga. Siku ya pili Wapokomo walisimama na mapanga upande mmoja, vijana na mikuki upande wa pili, na ng'ombe katikati wanalia kwa kiu. Walitenganishwa kwa tabu. Mtu pekee ambaye vijana wale wangemsikiliza alikuwa amekaa nyumbani kwake, amekataa kutoka.

Jioni ya siku hiyo ya pili alikuja ofisini. Alikuwa amekonda. Safari hii hakutoa habari zake kwanza, na hapo nikajua hali ni mbaya.

"Karani. Aba Faransa, ile siku ameuliza, amepewa kweli?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote: betri, kura tatu za kubuni, chungu, kitambaa, gazeti kwapani. Sikumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilitegemea anipige na fimbo, na ningeshukuru. Hakunipiga. Alinitazama tu kwa mshangao, kama vile nimesema mto unapanda kuelekea milimani.

"Umenisimamisha mbele ya watu," alisema taratibu, "na mtu haiko."

"Nisamehe, Aba."

"Ameanguka. Sawa. Kesho yake amefanya nini?"

Hilo nilikuwa nalijua, kwa kuwa nililisoma mara kumi. Nikayatoa magazeti uvunguni. La tatu lilieleza baraza jipya la mawaziri. Aba Faransa alikuwa ndani yake. Amepewa kilimo, chini ya mtu yuleyule aliyeongoza kumwangusha.

"Chini ya mtu amemtoa?" Aba Barisa alisimama wima. "Na amekubali?"

"Amekubali, Aba. Imeandikwa hapa."

Alilichukua gazeti, akaligeuza juu chini, akaitazama picha ya mawaziri wamejipanga kwenye ngazi. Hakujua kusoma. Alinitazama mimi, akalitazama gazeti, na nilimwona akitafuta mtu mwingine wa kumsomea. Kama nilivyosema, wa pili alikuwa mmoja tu. Akalikunja akaliingiza ndani ya shuka, akashika njia ya Wema.

Kilichotokea huko nilisimuliwa na Mwalimu Yohana mwenyewe. Alikuwa uani na panga analinoa alipomwona Aba Barisa anaingia peke yake. Alidhani amekuja kwa shari. Aba Barisa akampa gazeti.

"Soma. Usiongeze."

Yohana akasoma, akamtafsiria mstari kwa mstari. Walipofika kwenye kilimo, Aba Barisa akamkatiza. "Karani ameona hii pia?"

"Bila shaka ameiona, gazeti si limetoka kwake?"

"Basi soma tena, polepole."

Akasoma tena. Kisha Yohana, ambaye maneno yake yalikuwa machache siku zote, akaiweka ile kamba ya ngozi juu ya mkeka katikati yao, akasema, "Aba, mimi bado sina waziri wa maji."

Kulipopambazuka vijana na mifugo yao walimkuta Aba Barisa amesimama kwenye malka mpya, ile iliyosogezwa, ile aliyoikataa, ameshika ncha moja ya kamba na Mwalimu Yohana ameshika ya pili. Walishangaa mpaka wakasahau mikuki mikononi. Alipiga mluzi mmoja, wakaanza kuteremsha ng'ombe kundi kwa kundi, na hakuna bua la mahindi lililoguswa. Nilikuwa nimesimama kando na daftari langu, na machozi yalinitoka hadharani bila aibu.

Mzee Komora aliporudi nilimsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu, iwapo nimeshaacha nafasi kwenye daftari kwa wiki zile. Nikasema bado. Akaketi nami tukaziandika, ukurasa kwa ukurasa: hapa sikusikia, hapa sikusikia. Bosi alipokuja kukagua alifikiri ni uzembe, akanikata likizo.

Mwezi mmoja baadaye nilikuwa malkani nikiandika habari ya mifugo. Akafika Msomali mmoja kutoka Bangale, mnunuzi wa madume. Hakuwa akitujua, akasalimia, akakaa chini na Aba Barisa wakaanza kupeana habari. Aba Barisa alimpa kila kitu: mvua, malisho, njia mpya, Mwalimu Yohana, mpaka Aba Faransa na wizara yake ya kilimo. Alizitoa vizuri, kwa mpangilio, bila chumvi hata punje. Walipomaliza yule mgeni akanigeukia mimi kwa adabu, kama inavyopasa.

"Na karani iko na habari gani?"

Kabla sijafungua mdomo, Aba Barisa alimgusa goti.

"Huyo," alisema, "uliza afya tu."

Mgeni akaniuliza afya. Nikamjibu kwamba mimi ni mzima.